Nilichonga mpingo miaka 15 kabla sijaujua mti wake

"Haya fundi, tuonyeshe mpingo uko wapi hapa."

Aliyesema hivyo alikuwa askari wa doria wa kijiji, tukiwa ndani ya msitu mmoja wilayani Kilwa, mwezi wa nane mwaka 2011. Tulikuwa wanne, na wenzangu wote watatu walikuwa wenyeji. Asubuhi yake, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nilikuwa nimejitambulisha kwa madaha kidogo: mchonga vinyago kutoka Dar es Salaam, miaka 15 kazini, mpingo nauota hata usingizini. Sasa nikaanza kuangaza macho. Nikauona mti mmoja mnene, umenyooka, magamba yake yamekoza weusi, nikaunyooshea kidole bila wasiwasi.

Walicheka mpaka mmoja akachuchumaa.

"Mpingo ndio huo uliotundikia begi," akasema askari.

Niligeuka. Begi langu lilikuwa linaning'inia kwenye kitu ambacho mimi nilikihesabu kuwa kichaka. Mti mfupi, shina lake limegawanyika chini kwa chini kama mtu aliyekosa uamuzi, gome la kijivu linalobanduka, matawi yamepinda kila upande, na miiba. Kiangazi kilikuwa kimeupukutisha majani yote. Kama ungeniambia nichague mti wa kukata kuni, huo ningeuruka nitafute wa maana.

Askari akauendea mwingine uliokuwa karibu, wenye tawi lililokwisha kufa, akalipiga panga mara mbili, mara tatu. Panga lililia kama limegonga reli. Kwanza kikatoka kipande cheupe chenye unjano, kama mbao yoyote. Akazidi kupiga. Ndani yake pakatokea ule weusi ninaoujua, wenye zambarau kwa mbali pale unapofunguliwa kwa mara ya kwanza, kabla hewa haijaukoza. Nikanusa. Ni wenyewe.

Siku ile niliona haya ambayo sijawahi kuona mbele ya mteja yeyote. Lakini nikifikiri vizuri, ningeujulia wapi? Mpingo ulikuwa unanifikia ukiwa gogo. Umeshakatwa pande zote mbili, umegongwa alama kwa nyundo ya serikali, umepanda lori ukashushwa mjini. Kwangu mimi mpingo ulianzia kwenye mizani.

Ingawa si kweli kabisa. Kwangu mpingo ulianza na mchi wa bibi.

Bibi mzaa mama alihamia kwetu Mbagala nikiwa darasa la tatu. Alikuja na kanga zake, godoro, na mchi. Kinu alikiacha Lindi, akasema vinu viko kila mahali. Mchi ule aliuchonga babu kabla mama hajazaliwa. Babu alivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, akiwa kijana, kama Wamakonde wengi wa wakati ule waliofuata kazi ya kukata mkonge huku kwetu, na sidhani kama alikuja na mali nyingi zaidi ya tezo yake. Mchi ulikuwa mweusi, mrefu kunishinda mimi wakati ule, na mzito kiasi kwamba ukitwanga kisamvu huhitaji kutia nguvu ya kuushusha, unashuka wenyewe. Kazi ni kuuinua. Katikati, pale mikono ya wanawake iliposhika miaka nenda rudi, ulikuwa umebonyea kidogo na kung'aa kama kioo. Majirani walikuja kuuazima. Bibi aliwapa wote isipokuwa mmoja, na sababu hakuwahi kuisema.

Kila kitu kigumu cha nyumbani kwao, bibi alikuwa akikitaja kwa mpingo. Mpini wa jembe usiovunjika, mpingo. Kitana cha kuchania nywele, mpingo. Bakora ya mzee, rungu la kulindia shamba usiku, vyote mpingo. Wahunzi nao waliupenda mkaa wake kwa sababu ya ukali wa joto, na bibi alisema ukipikia nyumbani kuni za mpingo uangalie chungu, maana moto wake hauna masihara. Tumbo likisokota, mizizi ilichemshwa. Mafua yakikaza, moshi wa mizizi ulivutwa puani. Hayo ya dawa nayaeleza kama yalivyokuwa. Mimi tumbo likiniuma naenda zahanati, na bibi mwenyewe uzeeni alikwenda zahanati.

Kwa Wamakonde mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisionekane kwenye orodha ya waliochaguliwa, kikao hakikuwa kirefu. Mjomba alikuwa anachonga pale Mwenge, kwenye mabanda ya vinyago. Mwaka 1996 mama akanipeleka na begi la nguo, akaniacha.

Miezi sita ya kwanza sikuchonga chochote. Nilifagia vumbi, nilinoa, nilipiga msasa. Msasa wa mpingo si wa mchezo. Unaanza na wa chembe kubwa, unashuka mpaka ule laini kama karatasi ya daftari, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali. Mimi lilinitoa vipele shingoni na kunipigisha chafya mfululizo. Wapo vijana walioacha kazi kwa sababu hiyo hiyo, kifua kinabana, na sikuwaona waoga. Mpaka leo nafunga kitambaa puani nikipiga msasa, na wazee wananicheka.

Mjomba alikaa chini, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kwa nyayo mbili. Tezo ilikuwa inapita sentimita chache kutoka kwenye vidole vya miguu. Alikuwa na makovu matatu kwenye mguu wa kushoto na kila kovu alilijua kwa jina la kinyago. Kwanza aliuondoa mti mweupe wote wa nje. Hapo ndipo roho ilikuwa inaniuma, maana gogo ulilonunua kwa uzito linapungua mbele ya macho yako, vibanzi vinarundikana, na bado hujafika penye kazi. Halafu kiini nacho mara nyingi kina lake. Kuna magogo unayafungua unakuta katikati pana uvungu, au ufa uliojikunja kufuata umbo la mti. Kutoka nje hujui. Mjomba aligonga kwa nyuma ya tezo, akatega sikio kama daktari, na hata hivyo alikuwa anakosea.

Ndiyo maana vinyago vyetu vingi vina umbo lile vilivyo nalo. Watu huuliza kwa nini kinyago cha shetani kimepinda shingo namna ile, au kwa nini kwenye kinyago cha mawingu, ule mtindo wa maumbo yaliyopindapinda, kuna tundu mahali ambapo hukutegemea. Wakati mwingine ni fikra ya fundi. Wakati mwingine mti ulikuwa na tundu pale, fundi akasalimu amri. Ule mnara wa watu waliobebana, ambao ulikuja kuitwa ujamaa, unatoka kwenye gogo moja bila kiungo hata kimoja. Ukiukaribia utaona fundi amefuata mkunjo wa mti kutoka chini hadi juu, mtu mmoja anaegemea kushoto kwa sababu mti uliegemea kushoto.

Sasa nifike kwenye gogo la 1998.

Mjomba alipata msiba Mtwara, akasafiri. Aliacha gogo zuri kuliko yote niliyowahi kuona bandani: limenyooka, kiini kimejaa, halina uvungu. Lilikuwa la oda ya mteja wa ujamaa mkubwa. Lilikuwa bichi bado, na ncha zake mbili zimepakwa nta, limefunikwa magunia kwenye kona yenye kivuli. Mimi kwa ujuaji wangu wa miaka miwili nikasema nimsaidie mjomba, akirudi alikute limekauka, aanze kazi mara moja. Nikalitoa. Nikalikwangua nta ili lipumue. Nikaliweka juani, nikalisimamisha vizuri kabisa.

Saa nane mchana nilisikia sauti. Tak. Kama mtu aliyevunja kidole. Nikadhani ni bati la banda limetanuka. Ikalia tena. Nilipokwenda kuangalia, ufa ulikuwa umetoka ncha moja na kushuka zaidi ya nusu ya gogo, unaingia kidole changu cha shahada.

Ninachokijua leo ni hiki: mpingo una uzito unaouzidi maji, ukiutupa kisimani unazama, na unyevu uliomo ndani hautoki haraka. Juani ngozi ya nje inakauka na kusinyaa wakati tumbo bado limejaa. Nje inavuta, ndani inakataa. Lazima kitu kipasuke. Ndiyo maana tunapaka nta ncha, ndiyo maana tunachonga likiwa na ubichi wake na usiku tunafunika kazi kwa gunia lenye unyevu kidogo, ikauke taratibu huku inachongwa.

Mjomba alirudi baada ya siku nne. Nilikuwa nimeandaa utetezi. Pale bandani kuna kisa wazee wanakisimulia cha Samaki Likankoa, miaka ya 1950, kwamba kinyago chake kilivunjika mkono, na badala ya kukitupa akakigeuza kuwa shetani, na ndipo mtindo wote wa mashetani ulipozaliwa. Nikamwambia, "Mjomba, hata Samaki naye…"

Hakuniacha nimalize. "Samaki alivunja mkono," akasema. "Wewe umepasua gogo."

Akalizunguka mara mbili. Akapitisha kucha kwenye ufa. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anazungumza na gogo lenyewe, kwamba mti ule ulikuwa umesimama kabla babu yangu hajavuka Ruvuma. Kisha akachukua msumeno, akalikata vipande vipande kufuata ufa, akanikabidhi vyote. Kwa miezi mitatu nilichonga vitana, visu vya kufungulia barua na vijiko. Kila kitana kina meno 14. Niliyahesabu mpaka usingizini.

Lile la umri nilidhani ni maneno ya hasira. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Mpingo unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kule Kilwa askari alinionyesha kitu kingine kilichonishangaza zaidi: mche mdogo, haufiki goti, shina kama penseli. Akaniuliza una miaka mingapi. Nikasema miwili. Akasema huenda ni kumi, hakuna ajuaye. Moto wa nyika unapita karibu kila kiangazi, unaunguza shina lote, mizizi inabaki. Masika mche unachipua tena. Mwaka unaofuata unaungua tena. Chini ardhini mzizi unazidi kunenepa mwaka hadi mwaka, mpaka utokee mwaka mmoja ambao moto umeukosa, na ndipo mti unapata nafasi ya kuchomoka uipite kimo miali. Mkubwa wenyewe moto hauuui kirahisi, ila ukiukamata vibaya penye jeraha unaula kutoka ndani. Nikakumbuka uvungu wote niliowahi kuulaani kwenye magogo.

Kuna dhambi moja niitaje. Mwaka 2003 mpingo uliadimika mjini na bei ikapanda, nami nilikuwa nimeanza kujitegemea na kodi ya banda inanidai. Nikachonga vifaru wawili kwa mti mwepesi mweupe, nikawapaka rangi nyeusi ya viatu, nikawasugua kwa brashi wakang'aa. Siwezi kusema sikujua ninachofanya. Akaja mama mmoja, mtalii, akawanunua kwa bei ya mpingo. Siku ile joto la Dar lilikuwa kali. Baada ya saa moja akarudi, viganja vyeusi, gauni la rangi ya maziwa lina alama tano za vidole kiunoni. Hakugombana. Aliniwekea vifaru mezani na kusimama tu. Nilimrudishia pesa yote na bado ilinibidi nitoke nimtafutie sabuni.

Tangu hapo wateja wangu nawafundisha mwenyewe. Pima uzito mkononi, kama kinyago cha ukubwa huo hakikushtui, kitilie shaka. Geuza kitako, kwaruza kidogo kwa ukucha au funguo, uone kama weusi unaendelea. Ukikuta mstari mweupe pembeni usikimbie, huo ni mti wa nje na mara nyingi ndio ushahidi bora. Mafundi wengine wa pale hawanipendi kwa hili.

Kilichonipeleka Kilwa kilikuwa udadisi kuhusu habari niliyoisikia sokoni. Mwaka 2009 vijiji viwili vya huko, Kikole na Kisangi, vilipata cheti cha usimamizi wa misitu cha FSC, baraza la kimataifa la misitu, vya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili ulio chini ya jamii yenyewe, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao Kilwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuweka kamati, kupanga miti ya kuvunwa na kukusanya mapato. Nilitaka kumwona mtu anayeuza mti akiwa anajua umesimama wapi.

Nilichokikuta ni daftari. Mzee wa kamati alikuwa na daftari la mistari lenye jalada lililochakaa, na ndani yake idadi ya mipingo ya eneo lile, unene wake, upi unavunwa na upi unaachwa. Akaniambia zamani, kabla ya mpango huo, wafanyabiashara walikuja na kumpa mwenye njaa pesa ya sukari, wakaondoka na mti. Alisema hivyo bila uchungu. Kisha akaniuliza bei ya kinyago cha futi mbili Mwenge. Nilipomtajia alinyamaza muda mrefu, akafunga daftari, akaniuliza kama nimekula.

Swali jingine la kimya kama lile nililipata bandani, miaka michache baadaye, likiwa limekuja kwa njia nyingine. Mpiga klarineti wa bendi moja alipita kutafuta zawadi, na chombo chake kilikuwa kwenye kasha. Mjomba, ambaye sasa alikuwa mzee na macho yamefifia, akaomba akishike. Akakigonga kwa ukucha. Akakinusa kwenye kiungo pale ambapo hapana chuma. "Huu wetu," akasema. Yule mwanamuziki akathibitisha: klarineti na oboe nzuri duniani zinatengenezwa kwa mpingo, kwa sababu mti wake una mafuta, haunywi mate ya mpigaji, haupindi, na unakubali tundu dogo na uzi wa skrubu kama vile ni chuma. Chombo kile kilitengenezwa Ufaransa. Mjomba akaendelea kukigeuza, akitafuta, nadhani, alama ya tezo. Hakuna. Ni mashine tupu. Alimrudishia na kusema kazi ni safi, lakini hakusema ni nzuri.

Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia, umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo kuvuka nao mipaka kibiashara kunadai karatasi. Wanamuziki walilalamika sana, wakawa wanaogopa kusafiri na vyombo vyao, na mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikaondolewa kwenye masharti hayo. Sisi wa vinyago hatukulalamika mahali popote palipoandikwa. Tunajibu maswali ya wateja wenye wasiwasi wa uwanja wa ndege, basi.

Mjomba amekwisha kufariki, na bibi alimtangulia. Mchi uko kwangu. Mke wangu hutwangia kisamvu, ingawa siku hizi mara nyingi anakinunua kimeshasagwa, na ule mbonyeo wa katikati haujaongezeka tangu uje.

Kutoka Kilwa nilirudi na maganda machache ya mbegu kwenye mfuko wa shati. Ni mepesi kama karatasi, kila moja na mbegu moja au mbili, yametengenezwa kwa ajili ya upepo. Nikapanda kwenye makopo ya rangi. Ziliota tano, kuku wakala mbili, mmoja ukakauka, mmoja fundi wa choo aliukanyaga. Uliobaki uko uani, una miaka 13 sasa. Umenipita kimo, umejigawa mashina matatu kama kawaida yao, na miiba yake imeshachana mashati mawili ya kuanikwa, kwa hiyo mke wangu anauita kwa jina ambalo sitaliandika.

Mwaka jana nilikubali tawi moja likatwe, lile lililokuwa linafika kwenye kamba ya nguo. Lilikuwa nene kama kifundo changu cha mkono. Binti yangu akaja mbio kuchungulia, maana tangu mdogo nimemwambia huu ndio mti mweusi. Nikapitisha msumeno. Tukatazama wote. Weupe mtupu, gome hadi gome, na katikati kabisa kinukta cha kahawia kisichozidi kichwa cha kiberiti.

"Baba, ndio huo?"

"Ndio huo."

Akakichukua kile kipande akaenda kukitumia kuzuia mlango.